Jahazi Hutengenezwa Kipupwe
Kazi ya pwani ya Kisauni, Likoni na Changamwe kabla ya safari ndefu

Mtu afikaye Mombasa mwezi wa Juni au wa Julai huiona bahari tofauti kabisa na ile ya mwezi wa Februari. Kusi huvuma kwa nguvu mchana kutwa, mawimbi huvunjika kwa kishindo juu ya miamba iliyo nje ya Nyali na Likoni, na alfajiri baridi ya kipupwe huwafanya wazee wajitande shuka. Kwa wanamaji wa vyombo vya tanga, miezi hii ndiyo miezi ya kufunga bahari. Asiyejua huweza kudhani kwamba ni miezi ya mapumziko, lakini sivyo. Safari ndefu haianzi siku ile tanga linapotwekwa. Huanza majuma mengi kabla, chombo kikiwa kimelala juu ya mchanga, foromali imeshushwa, na fundi akipita polepole ubavuni mwake na nyundo mkononi, akigonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza.

Kazi hiyo hupendelea mahali palipojificha na upepo. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na mikono miwili ya bahari iliyoingia ndani ya bara. Kwa hiyo pande zote tatu za bara, yaani Kisauni iliyoikabili Bandari ya Kale, Mtongwe upande wa Likoni, na vijito vya mikoko vya Port Reitz upande wa Changamwe, zina fuo tulivu ambako wimbi la nje halifiki. Kule nje bahari ikivuma, huku ndani chombo chaweza kusimamishwa juu ya matope na mchanga bila kutikisika.

MLANGO WA BAHARI

Kwa nini kazi hii ifanywe kipupwe na si wakati mwingine? Sababu ni pepo. Kaskazi hushika kwa kadiri ya Desemba hata Machi, nayo huvileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika tangu Aprili hata Septemba, nayo huvirudisha. Kati ya pepo hizi mbili huwapo siku za maleleji na za matlai, upepo ukiwa wa kubadilika-badilika au dhaifu, usioweza kutegemewa na mtu mwenye safari ya mbali.

Katika Juni na Julai kusi huwa kali mno, hasa katika bahari ya Somalia kuelekea Sokotra, hata nahodha mwenye akili hathubutu kwenda huko. Lakini ikifika mwisho wa Agosti na mwezi wa Septemba, majira yaitwayo demani, kusi hupungua ukali bila kukoma. Huo ndio mlango wa kwenda Lamu, Banadiri na Arabuni. Nao si mlango mpana. Ikifika Oktoba na Novemba upepo hulegea, na kaskazi ikishashika, atakaye kwenda kaskazini humkabili usoni. Aliyechelewa kutengeneza chombo chake hakupoteza siku chache tu, bali huenda amepoteza safari ya mwaka mzima.

Historia ya pwani hii inao ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika Mombasa kisha akaenda Malindi, akapewa rubani ajuaye njia. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa imeanza, akavuka mpaka Bara Hindi kwa siku 23 hivi. Wakati wa kurudi hakungoja upepo wake. Aliondoka Bara Hindi mapema Oktoba, kabla ya kaskazi kushika, na bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa ugonjwa wa kukosa chakula kibichi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Januari mwaka 1499 ilimbidi kuichoma moto merikebu yake iitwayo São Rafael katika maji yaliyo kusini ya Mombasa, upande wa Tanga. Bahari haikubadilika, wala chombo hakikubadilika. Kilichobadilika ni wakati.

Waswahili waliyajua haya tangu zamani, nao walikuwa na hesabu yao. Walihesabu siku kwa miongo, kila mwongo ukiwa siku 10, kuanzia Siku ya Mwaka iitwayo Nairuzi, ambayo katika zama hizi huangukia mwezi wa Julai. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua ni mwongo gani wa kufunga bahari na ni mwongo gani wa kuifungua. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka mpya wa wanamaji huingia wakati vyombo viko pwani. Mwaka wao huanza kwa matengenezo.

KUNGOJEA BAMVUA

Kukipandisha chombo pwani kwa matengenezo wanamaji hukuita kujahabu. Jahazi zito halivutwi na watu kama mtumbwi. Huinuliwa na maji yenyewe. Kila mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na hayo ndiyo maji ya bamvua. Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, nazo zatosha kulitua jahazi mahali ambapo baada ya saa chache mtu atapita kwa miguu mikavu.

Kwanza chombo hupakuliwa kila kitu: shehena, nanga, vyungu, kuni, na hata farumi, yale mawe ya kukipa uzito. Kikiwa chepesi, husogezwa ufuoni maji yanapokaribia kilele. Maji yaanzapo kupungua, mabaharia hukimbilia kukitia magadi, yaani miti ya kukitegemeza kila ubavu, ili kisilale upande mmoja na kujivunja mataruma. Hapo hapana nafasi ya uvivu. Gadi moja ikiwekwa juu ya tope laini bila ubao chini yake, hudidimia, na uzito wote huhamia upande mmoja.

Baada ya hapo nahodha huwa na njia mbili. Kama kazi ni ndogo, hufanywa katikati ya maji mawili, kwa saa chache tu, kisha chombo huelea tena. Kama kazi ni kubwa, hupandishwa katika kilele hasa cha bamvua. Siku zifuatazo bahari huelekea maji mafu, haifiki tena pale kilipo, na chombo hukaa pakavu mpaka bamvua ya pili, siku 14 hivi baadaye. Tangu katikati ya Julai hata mwisho wa Agosti bamvua ni tatu tu. Anayeikosa moja hana la kufanya ila kungoja nyingine, na huku siku za demani zakaribia.

ADUI ASIYEONEKANA

Maji yakishapwa, tumbo la chombo huonekana, na wageni hushangaa. Ubao uliokuwa laini umejaa majani ya bahari, magamba na vichaza vidogo vigumu kama mawe. Mzigo huu hupunguza sana mwendo. Chombo kichafu huburuta bahari nyuma yake, na safari ambayo ingekwisha kwa siku 10 yaweza kuchukua siku nyingi zaidi, huku maji ya kunywa yakipungua. Mabaharia hukwangua kwa mapanga butu na vipande vya chuma tangu omo hata tezi, wakisimama katika matope hadi magotini.

Lakini adui mkubwa ni mdudu wa baharini atobowaye mbao. Umbo lake ni kama la mnyoo, ila kwa kweli yeye ni wa jamaa ya chaza. Huingia akiwa mdogo sana kwa kitundu kisichozidi kichwa cha sindano, kisha hukua ndani na kuula ubao kwa urefu wake. Kwa nje ubao huonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana fundi hugonga kwa nyundo na kusikiliza. Ubao mzima hulia. Ubao ulioliwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Ukionekana hivyo hakuna shauri jingine ila kuukata na kutia mwingine, japokuwa gharama huongezeka na siku hupita.

Mdudu huyu hawezi kuishi muda mrefu pasipo maji ya chumvi, basi kule kukaushwa kwa chombo ni dawa ya kwanza. Dawa ya pili ni moto. Makuti makavu huwashwa na kupitishwa chini ya tumbo la chombo, ili joto liue kilichojificha na kukausha unyevu. Kazi hii yataka mkono mwepesi, kwa kuwa moto huo huo ukikawia mahali pamoja huunguza pamba ya viungo na kuupasua ubao.

KALAFATI NA DEHENI

Baada ya usafi hufuata kalafati, na hapa ndipo roho za watu zinapohifadhiwa. Kati ya ubao na ubao pana mwanya mwembamba. Fundi huondoa pamba kuukuu, kisha huchukua pamba mpya iliyolowanishwa kwa mafuta, akaisokota kama utambi, akaishindilia katika mwanya kwa patasi butu na nyundo. Ikishindiliwa kidogo mno, maji hupita. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao husukumana na misumari kulegea. Kipimo chake hakimo katika kitabu. Kimo katika mkono wa fundi na katika mlio wa nyundo, ambao hubadilika pamba inapokuwa imetosha. Kijana hujifunza kwa kukaa miaka kando ya mkubwa wake, kwanza akisokota pamba tu.

Katika jahazi kubwa mianya hiyo, ikiungwa pamoja, huwa na urefu wa mamia ya hatua. Pahali pamoja palipopuuzwa hapaonekani chombo kinapokuwa bandarini. Huonekana siku ya tatu ya safari, wimbi linapokipinda chombo huku na huku, na maji yanapoanza kupanda katika ngama. Hapo mabaharia hufua maji usiku na mchana, wakiacha kulala na kula, na shehena ya chini huharibika kabla ya kufika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini hakuna mahali pa kujengea ukuta.

Kalafati ikiisha, tumbo la chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Viwili hivi huchanganywa vikiwa moto na kupakwa kwa mikono mitupu. Chokaa na shahamu huungana vikawa kitu kigumu cha namna ya sabuni isiyoyeyuka majini, kizibacho vitundu vya ubao na kumzuia mdudu asipate pa kuanzia. Ndiyo maana majahazi mengi yalionekana meupe sehemu ya chini. Sehemu ya juu, isiyozama, hupakwa sifa, mafuta yatokayo katika maini ya papa. Harufu ya sifa haisahauliki, lakini ubao uliopakwa vema haupasuki kwa jua wala kuoza kwa mvua.

TANGA, KAMBA NA MAJI YA KUNYWA

Wakati mafundi wako chini ya chombo, mabaharia wengine hukaa kivulini wakishona. Tanga hutandazwa mchangani na kukaguliwa mshono kwa mshono, kwani kitambaa cha pamba kikikunjwa na unyevu wa masika huoza kisiri. Chombo cha safari ndefu hakiridhiki na tanga moja. Huwapo kubwa la upepo wa wastani na dogo la upepo mkali. Foromali nayo hukaguliwa mahali vipande vyake vilipounganishwa, maana huko ndiko inakovunjikia. Kamba za makumbi hupimwa kwa kuvutwa na watu wengi, na iliyochakaa hushushwa cheo ikawa ya kufungia mizigo.

Mwisho hutazamwa chakula na maji. Tangi la maji husuguliwa na kujazwa tena, kwani maji yakiharibika katikati ya bahari hayana badala. Mchele, unga, tende, samli, papa mkavu na kuni hupimwa kwa siku za safari na za ziada, pamoja na sanduku la mchanga ambalo moto wa kupikia huwashwa juu yake.

Haya yote hulipiwa kabla ya shehena kuleta hata senti moja. Kwa desturi ya pwani, mapato ya safari hugawanywa baada ya gharama kutolewa: chombo hupata sehemu yake, mabaharia zao, na nahodha huongezewa. Kwa hiyo kila baharia akwanguaye magamba kipupwe anafanya kazi ya mfuko wake mwenyewe. Akifanya ovyo, hamwibii tajiri peke yake. Anajiibia yeye na wenzake, na huenda anawaibia watoto wao baba.

Wala heshima ya mwenye chombo haimsamehe. Mwaka 1840 Sultana, merikebu ya Sayyid Said, ilitoka Unguja ikazunguka kusini mwa Afrika mpaka New York, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman. Ilifika huko ikiwa imechakaa kwa safari, na serikali ya Marekani iliitengeneza katika karakana ya merikebu za vita kabla haijarudi. Sultana ilikuwa merikebu ya mtawala, lakini bahari iliila kama inavyokula mashua ya mvuvi.

SIKU YA KUSHUA

Bamvua ya mwisho ikifika, farumi hurudishwa na magadi huondolewa moja moja kadiri maji yanavyopanda. Wengi hufikiri kwamba chombo kikielea kazi imekwisha. Nahodha mwangalifu hajui furaha hiyo bado. Hushuka ngamani na taa, akatazama. Maji machache huingia siku ya kwanza, kwa kuwa mbao zilizokauka hazijavimba na kubanana. Yakipungua siku ya pili na ya tatu, kalafati ni nzuri. Yasipopungua, ni juu yake kuamua: kukirudisha chombo pwani na kungoja siku 14 nyingine huku wenzake wakiondoka na demani, au kutoka vivyo hivyo na kutegemea mikono ya kufua maji. Huo ndio mtihani mkubwa wa unahodha, nao hufanyika bandarini, hapana mawimbi wala dhoruba. Walioutoka vibaya wengi hawakurudi kuusimulia.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Biashara ya majahazi ya mbali si kama ilivyokuwa. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliweza kusafiri katika bumu la Kuwait lililokuja na kaskazi mpaka Afrika ya Mashariki, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Siku hizo vyombo vya Arabuni na Uajemi vilijaa Bandari ya Kale kila mwaka, vikileta tende, chumvi, papa na mazulia, na kurudi na boriti za mikoko. Baadaye mashine ziliingia vyomboni, meli za chuma zikachukua shehena, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nchi za nje ili kuhifadhi misitu ya pwani.

Lakini elimu hii haikufa. Lamu mafundi wangali wakiunda vyombo vya mbao, na mashua za wavuvi wa Likoni na Kisauni zingali zikihitaji kukwanguliwa na kutiwa kalafati. Mwaka 2019 jahazi lililoitwa Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, lilisafiri mpaka Zanzibar. Mbao zake zilikuwa za namna mpya, ila waliolikata na kuliunganisha walikuwa mafundi wa ile kazi ya zamani, na safari yake ya kwenda kusini ilifanywa katika miezi ya kaskazi, kama walivyofanya wahenga.

Injini yaweza kumwondolea nahodha utumwa wa kungoja upepo, lakini haizibi mwanya wa ubao. Chombo chenye mashine kilichopuuzwa pwani huzama sawasawa na chombo cha tanga. Vijana wa bara ya Mombasa wanaotamani ubaharia hutazama kwanza usukani na tanga. Afadhali watazame pia yule mzee aliyechuchumaa chini ya tumbo la chombo na pamba yake na patasi. Abiria na shehena hawamwoni, wala jina lake halitajwi chombo kinapofika salama. Hata hivyo kufika kwake kulikwisha amuliwa pale, katika siku za baridi, maji yakiwa yamepwa.